Ukishaambiwa njoo utue, mlima ni wa nani?

Mdau kauliza hivi: rubani yuko ndani ya mawingu haoni kitu, rada ndo inamwelekeza, halafu anaambiwa ameruhusiwa kuanza aprochi, yaani safari ya kushuka kwenda kutua. Akishuka akagonga mlima, kosa la nani, lake au la muongoza ndege?

Mdau, angalia kwanza njia ile alipewa na nani. Akiwa kwenye njia iliyochorwa kwenye chati (ramani ya marubani), futi za kushuka anazisoma mwenyewe humo na kukwepa mlima ni kazi yake. Ila mimi muongoza ndege nikishamtoa kwenye hiyo njia nikampa hedingi yangu ya rada (mwelekeo wa kufuata), basi kimo ninachompa lazima niwe na uhakika kinapita juu ya kila kilima na kila mnara, mpaka atakapoishika njia ya kwenye chati.

Balaa liko hapo katikati, na lilishaua watu 92. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA la Marekani, safari namba 514, Boeing 727, ilikuwa inaenda uwanja wa Washington National, upepo wa ubavuni ukawa mkali ikapelekwa uwanja wa Dulles. Ikiwa futi 7,000, bado maili 44 hivi kufika uwanjani, ikaruhusiwa kuanza aprochi na hakuna aliyeitajia kimo cha kubaki nacho. Marubani wakaelewa sasa ruksa kushuka hadi futi 1,800, namba ambayo ipo kweli kwenye chati ila ni ya baada ya kupita Round Hill (kituo kwenye njia ya chati), na wao walikuwa bado hawajafika. Kwenye chati hiyohiyo kuna futi 3,400, kimo cha chini kabisa kabla ya kufika Round Hill, waliiona kabisa na wakaizungumzia, lakini wakaendelea kushuka. Dakika kama 5 baadaye wakagonga mlima Weather, Virginia, kwenye futi 1,670 hivi.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, wenyewe waligawanyika 3 kwa 2 kuhusu kosa ni la nani, na kwa kweli siwashangai, maana rubani aliamini rada inamlinda na muongozaji aliamini rubani anafuata chati, kila mmoja kamwachia mwenzake mlima.

Baada ya hapo Marekani ikabana sheria: ukiruhusiwa aprochi ukiwa nje ya njia ya kwenye chati, unabaki na kimo cha mwisho ulichopewa hadi uingie kwenye njia, na muongozaji naye lazima akutajie kimo hicho. Kwa hiyo rubani ukisikia ruhusa imekuja bila futi, usishuke hata kidogo, bonyeza redio uulize "nibaki futi ngapi mpaka niingie?", mimi sitakasirika hata kama nina ndege 6 zinanisubiri.