Simtaki hata mmoja: karatasi yangu ya urais niifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga kura wa Likoni, Mombasa, hapa Kenya. Katika majina yanayotajwa kuwania urais 2027, simwoni hata mmoja wa kumwekea alama kwa moyo mweupe. Mume wangu ananiambia nibaki nyumbani. Kaka yangu anasema niende, nitumbukize karatasi tupu, ili wajue tumekasirika. Je, karatasi tupu inahesabiwa? Na ni kweli India unaweza kuwakataa wagombea wote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha makarani wa vituo vya kura kwa miaka, na swali lako huulizwa kila msimu. Kwa ufupi, karatasi tupu itahesabiwa na kuandikwa, lakini haitamwongezea wala kumpunguzia mtu chochote.

Ngoja nikupeleke kituoni usiku, wakati wa kuhesabu. Ni darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, sanduku la urais limemwagwa mezani. Msimamizi wa kituo anainua karatasi moja moja, anatamka jina, anawaonyesha mawakala wa wagombea. Ikija tupu inawekwa kando, kwenye fungu la kura zilizokataliwa. Mwishoni fungu hilo linahesabiwa na idadi yake inaingia kwenye Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Ni idadi tu, fomu haina mahali pa kueleza sababu. Yako uliyoiacha kwa hasira imelala pamoja na ya mzee aliyeweka alama mbili kwa sababu macho yamechoka. Ukiisoma fomu hiyo huwezi kujua ipi ni ipi, na hilo huniuma, kwa kuwa najua wengi wamepanga foleni tangu alfajiri wakiamini wametuma ujumbe.

Tena usiichafue kwa maneno. Niliwahi kuona karatasi iliyoandikwa SIMTAKI MTU kutoka pembe hadi pembe, na mkia wa herufi ya mwisho umeingia ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Wakala wake akasimama papo hapo: hiyo ni alama, hiyo ni kura yetu! Palizuka mabishano makali. Msimamizi hutazama kama nia ya kumchagua mtu mmoja inaonekana wazi. Hapa haikuonekana, akaikataa, wakala akapinga, pingamizi likaandikwa. Lakini mkia ule ungekuwa mnene kidogo, huenda mwandishi wake angempa kura mtu aliyemkataa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kaka yako anapokosea. Ibara ya 138 ya Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Je, zilizokataliwa zimo katika hizo "kura zote"? Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2013 kwamba hazimo, na mwaka 2022 haikubadilisha msimamo. Mwaka huo William Ruto alipata kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49 ya kura halali. Alivuka nusu kwa kura karibu 70,000. Zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 113,000. Kama zingeingizwa kwenye jumla, bado angeshinda, lakini angevuka nusu kwa kura zisizofika 13,000.

Linganisha na waliowapigia wagombea wadogo wa mwaka huo: George Wajackoyah, 61,969, na David Mwaure, 31,987. Hao wawili kwa pamoja hawafiki idadi ya zilizokataliwa, ila kura zao zote ziliingia kwenye jumla na kuisogeza nusu juu. Kwa hiyo ikiwa unaowachukia hasa ni wale wawili wakubwa, na kuna mdogo unayeweza kumvumilia, alama yako kwake ina kazi: inamfanya anayeongoza apate taabu zaidi ya kuikwepa duru ya pili, ile inayopigwa asipopatikana mshindi kwa masharti hayo. Ikifika duru ya pili, nafasi hiyo imekwisha. Wanabaki wawili, na mwenye kura nyingi ndiye rais.

Kubaki nyumbani, kama anavyotaka mume wako, si kosa kisheria. Ila sheria yetu haina kiwango cha chini cha watu wanaotakiwa kujitokeza. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na karibu milioni 7.8 hawakupiga kura. Ni wengi kuliko waliompigia mshindi! Mwaka 2017, uchaguzi wa marudio wa Oktoba ulisusiwa, wakajitokeza chini ya asilimia 40, na Mahakama ya Juu ikauidhinisha. Juu ya hayo, ukibaki nyumbani umeziacha karatasi sita kwa sababu ya moja. Gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi wana masanduku yao. Anayeamua juu ya zahanati na taka za mtaani kwenu yumo kwenye hizo tano. Ikataliwe ya urais ukitaka, nyingine zitahesabiwa kama kawaida.

India ni kweli. Mahakama ya Juu ya huko iliamuru mwaka 2013 kiwekwe kitufe cha kuwakataa wote. Mwaka 2024 mjini Indore zaidi ya watu 218,000 walikibonyeza, baada ya mgombea wa chama cha Congress kujitoa. Hata hivyo mgombea wa chama pinzani cha BJP alitangazwa mbunge, kwa sababu kitufe hicho hakiangushi mtu. Hasira imeonekana kwa tarakimu, na hilo si dogo, lakini kiti kimekwenda. Ninaoupenda mimi ni utaratibu wa Kolombia: kura tupu zikizidi nusu ya kura halali, uchaguzi unarudiwa, na katika uchaguzi wa meya au gavana wagombea walewale hawaruhusiwi kurudi. Mji wa Bello ulifanya hivyo mwaka 2011, mgombea wa umeya akiwa peke yake. Ningependa tuwe nao hapa. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, wala huhitaji wakili.

Lakini kwa 2027 kuna njia iliyo karibu nawe zaidi. Anayetaka kuwania uwakilishi wa wadi bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 tu wa wadi hiyo. Ubunge wa eneo ni 1,000. Asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, ambayo ni tarehe 10 Agosti. Kama kuna mtu Likoni ambaye wewe na majirani mnamwamini, anzeni kukusanya majina sasa, na kabla ya kila sahihi hakikisheni mwenyewe ameandikishwa kupiga kura hapo hapo kwenu.