Nilimtukana shemeji mbele ya mavyaa siku ya Idi, sasa nimefungiwa mlango

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Malindi, mtaa wa Maweni. Mume wangu ana Probox ambayo ndiyo ya shule, ya soko na ya hospitali. Fundi wetu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, mume wangu akaacha shule akafanya vibarua ili mdogo wake asome. Hata gereji anayofanyia kazi, mume wangu ndiye aliyemtafutia nafasi.

Tangu mwaka jana gari linachemka. Linapelekwa Jumatatu, linarudi Alhamisi, Jumapili mvuke unatoka kwenye boneti. Kwa hesabu yangu ya kichwa, pesa zilizotoka hazipungui shilingi 60,000, na risiti sina hata moja. Karo ya muhula mmoja ilikwenda huko.

Siku ya Idi tulikuwa twaenda kwa mavyaa wangu Mambrui, ambako ukoo mzima hukusanyika. Gari likazimika kabla hatujavuka daraja la Sabaki. Watoto wakakaa juani kando ya barabara na nguo zao mpya, sufuria ya pilau iko kwenye buti. Tulifika kwa tuktuk mbili, alasiri, watu wameshakula wanakunywa kahawa. Mavyaa akasema mbele ya wote, "Wengine Idi yao huanza watu wakishanawa." Ulimi ukaniponyoka: "Muulize mwanao wa mwisho, huyo mwizi." Shemeji alikuwa amekaa pale pale, na sahani mkononi. Akaiweka chini, akatoka.

Pilau yangu haikuguswa. Wiki tatu sasa mume wangu ananijibu kwa neno moja moja. Mavyaa amemtuma wifi yangu aniambie Idi ya Mfungo Tatu nisikanyage kwake mpaka niombe radhi. Shangazi, niombe radhi kwa kusema kweli?

Aliyechoka, Malindi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye sahani iliyowekwa chini.

Omba radhi. Najua si jibu ulilolingoja. Ungesema kwamba gari halijatengenea na pesa zimekwisha, ningekuwa upande wako mpaka mwisho, kwa sababu hayo umeyaona kwa macho. Mwizi ni neno jingine. Mwizi ni mtu aliyekusudia, na wewe hujui kama shemeji yako alikusudia au hakujua kazi. Ukalitamka nyumbani kwa mama yake, siku ya Idi, mbele ya wageni wake. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe wiki tatu unatembea na jeraha hilo.

Mavyaa wako naye alikosea, nalisema wazi ili usidhani simuoni. Mtu amefika na watoto waliopigwa jua na sufuria aliyoihangaikia, neno la kwanza lingepaswa kuwa "karibuni, maji haya hapa". Hilo lake ni lake. Usilibebe ulipeleke kwenye mazungumzo yako, maana msamaha wa nipe nikupe si msamaha.

Nenda siku ya kawaida, baada ya alasiri, wakati hana wageni. Panda matatu. Usingoje gari, usimngoje mume, na usimtume wifi, kwa kuwa maneno yanayopita mdomo wa tatu hufika yameongezwa chumvi. Mkishaulizana hali, mwambie: "Mama, siku ya Idi nilitamka mbele ya wageni wako neno ambalo sikupaswa kulitamka popote. Nimekuja kukuomba radhi." Kisha nyamaza. Neno "lakini" liache Malindi. Nimewaona watu wakiomba radhi vizuri kabisa, machozi yanawalengalenga, halafu "lakini" moja ikaangusha kila kitu chini. Akikuuliza habari ya gari, mjibu kwamba hilo ni la mume wako na nduguye, nao watalizungumza. Shemeji yako naye umuombe radhi, kwa neno lile lile moja tu.

Sasa gari. Marehemu mume wangu aliendesha matatu ya Malindi na Mombasa miaka mingi, kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, na jioni nilikuwa nikimshikia tochi akiwa kichwa chini kwenye injini. Gari linalochemka lina sababu, na sababu hiyo hupatikana mtu akiitafuta. Huenda rejeta, ile inayopoza maji ya injini, imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imechoka au themostati, ile inayofungulia maji injini ikipata moto, imekwama. Maji yenyewe pia huwa chanzo: visima vyetu vingi vina chumvi, na gari linalojazwa maji ya kisima miezi na miezi huliwa na kutu kwa ndani. Ndiyo maana hutiwa kulanti, yale maji yenye dawa ya kuzuia kutu.

Kuna na ubaya mkubwa zaidi. Injini ikiwa imepoa kabisa, mwambie mume wako achomoe kile kijiti cha kupimia oili, akifute kwa kitambaa, akirudishe, akichomoe tena mkitazame pamoja. Oili ikiwa nyeusi au ya kahawia, hiyo ni oili. Ikiwa imepauka na kuwa nzito kama chai ya maziwa iliyolala, maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi hapo gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake cha juu, imeungua. Basi hata rejeta ioshwe mara mia, gari litachemka. Na hata gasketi ikibadilishwa, kama hedi yenyewe imepinda kwa joto na haikupelekwa kwenye mashine ikasawazishwa, gasketi mpya itaungua kama ile ya kwanza. Marehemu yalimkuta hayo mara mbili kwa fundi mmoja, akalipa mara mbili. Yule fundi hakuwa mwizi. Hakuwa na rula ya kupimia hedi, na aliona haya kusema.

Huenda shemeji yako ni huyo huyo. Kijana aliyesomeshwa na kakake kwa jasho, akatafutiwa kazi na kakake, atawezaje kumtazama usoni amwambie, "Kaka, gari lako limenishinda"? Ataosha rejeta, atabadilisha mpira wa maji, ataomba Mungu lifike Jumapili.

Mume wako naye nadhani anajua. Mwanamume hatoi shilingi 60,000 kwa kazi ile ile bila kujua. Anaendelea kwa sababu tangu baba yao afe yeye ndiye baba, na baba haachi kumpa mwanawe kazi. Ule ulikuwa msaada uliovaa ovaroli. Wewe ukauhesabu kama gharama ya gari, na ulikuwa na haki ya kuuhesabu, kwani karo ya watoto ilitoka mfuko huo huo. Ila kwake yeye, ulipomwita nduguye mwizi, ni kama uliwaambia watu kwamba mtoto aliyemlea amelelewa vibaya. Ndiyo maana anakujibu neno moja moja.

Mwambie hivyo. Usiku, watoto wamelala, simu ziko mbali. Mwambie umeelewa alikuwa anamshika mkono mdogo wake, na hutaki auache. Unalotaka ni msaada uitwe msaada na matengenezo yaitwe matengenezo. Akitaka kumpa nduguye kitu kila mwezi, mkubaliane kiasi ambacho hakigusi karo, ampe mkononi kwa heshima. Gari liende kwa fundi mwingine, asiye ndugu, liangaliwe mara moja tu, muambiwe ugonjwa wake ni nini kabla hamjatoa shilingi nyingine. Kama inawezekana, shemeji yako awe hapo anatazama. Atajifunza kitu, na hatahisi amefukuzwa.

Tena kila shilingi ya gari iandikwe. Mume wako atakwambia kuandikiana na ndugu ni aibu. Nililelewa na watu waliofikiri hivyo, na nimeona nyumba mbili za ukoo wetu zikiacha kuzikana kwa ajili ya pesa ambazo kila upande ulizikumbuka kwa namna yake. Mkumbushe kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na pawe na mashahidi. Nunueni daftari la shule la kurasa 48. Siku gani limepelekwa, spea gani imenunuliwa, nani aliinunua, bei gani, na ile kuukuu iliyotolewa irudi nyumbani muione. Spea nunueni wenyewe, fundi alipwe ufundi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yenu imekwisha kupotea hivyo mwaka mzima.

Jambo moja ambalo sitaki ulifanye: kumpelekea mavyaa wako hesabu ya zile 60,000. Najua utashawishika, hasa akikupokea kwa uso mkavu. Yeye ni mama wa wote wawili, na ukimlazimisha achague, atamchagua aliye dhaifu. Mama yeyote angefanya hivyo, na wewe siku moja utafanya.

Muda mnao. Kutoka Mosi Mfungo Mosi, Idi iliyopita, hadi mwezi kumi Mfungo Tatu, Idi ijayo, ni miezi miwili na siku tisa, na wewe umetumia wiki tatu. Wiki hii ongea na mume wako, wiki ijayo nenda Mambrui. Gari likiwa halijapona siku ya Idi ikifika, msilijaribu. Amkeni mapema, pandeni matatu, sufuria aipakate mume wako. Ukiingia kwa mavyaa usiikabidhi kwa mtu uani. Mwombe sinia, pakua wewe mwenyewe, na la kwanza liende pale alipokaa shemeji yako.