Nilishuka Melini na Ndala

Mara ya kwanza niliposafiri na meli ya watalii, nilishuka na ndala za kuogea. Si kwa kupenda. Usiku wa mwisho nilipakia kila kitu kwa bidii ya mtu anayekimbia mafuriko, nikatoa mabegi nje ya mlango kama tulivyoelekezwa, nikalala usingizi mzito. Alfajiri ndipo nilipogundua kwamba viatu vyangu vyote vimeondoka na mabegi, pamoja na suruali niliyokuwa nimeitenga ya kuvaa. Nikapanga foleni ya kukaguliwa pasipoti nikiwa na pajama na ndala, mwenzangu akijifanya hanijui.

Tangu siku ile nimesafiri tena mara kadhaa, na nimejifunza kuuheshimu mwisho wa safari, kwa sababu mwisho wenyewe huanza mapema kuliko unavyodhani. Siku moja kabla ya kufika, unakuta chumbani lebo zenye rangi au namba. Unazifunga kwenye mabegi, unayatoa koridoni kabla ya saa 4 au saa 5 usiku, wahudumu wanayazoa usiku kucha, na asubuhi unayakuta yamepangwa bandarini kwa namba zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Melini jembe hulioni hata siku ya saba, ila ya nane unapewa lebo.

Haraka yote hiyo ina sababu. Meli nyingi huondoka tena jioni ileile. Adhuhuri abiria wapya wanakuwa wameanza kupanda, na kabla yao maelfu ya shuka yabadilishwe, mabafu yasuguliwe, shehena ya vyakula ipakiwe. Kwa hiyo ukiambiwa chumba kiwe wazi kufikia saa 2 asubuhi, usinune. Kuna mtu atakilalia usiku huo.

Basi begi la mkononi lisipotee akilini mwako: nguo za asubuhi, viatu (naam, viatu), pasipoti, dawa, miwani, chaja, na chochote kinachoweza kuvunjika. Meli nyingi pia hukuruhusu ubebe mizigo yako yote mwenyewe na kushuka miongoni mwa wa kwanza. Mimi huchagua njia hiyo nikiwa na begi moja la magurudumu. Ukiwa na watoto wadogo, waachie wahudumu mzigo, maana siku hiyo lifti hujaa tangu sitaha ya juu na ngazi hazina huruma.

Lakini ndala hazikuniuma kama mchana ulioitangulia asubuhi ile. Meli ilikuwa baharini siku nzima, bahari imetulia kama mafuta kwenye sinia, nami nimejifungia chumbani nakunja fulana na kubishana na zipu. Mwenzangu alikuwa juu. Pomboo walikuja ubavuni mwa meli, kundi zima, wakaruka kwa karibu robo saa. Nilisimuliwa. Hadi leo nasimuliwa, kila tukipata wageni.

Siku ile nilikuwa nimeshailipia kama siku nyingine zote, nikaitumia kana kwamba safari imekwisha. Sasa hivi nguo chafu huziingiza begini kadiri zinavyochafuka, na usiku wa kuamkia siku ya mwisho kazi kubwa inakuwa imekwisha. Mchana wa mwisho nakwenda tezi, nyuma kabisa, natazama ule mstari mweupe wa povu tunaouacha. Sifanyi lolote la maana. Napendekeza sana.

Hesabu nayo usiiache hadi asubuhi ya kushuka. Melini kila kitu kinaandikwa kwenye akaunti ya chumba, na kwa kuwa hutoi noti mfukoni, mkono unakuwa mwepesi. Pitia orodha yako siku mbili kabla, kwenye televisheni ya chumbani au programu ya meli kama ipo. Safari moja nilikuta vinywaji ambavyo sikuviagiza. Nikaenda mapokezi, dakika tano vikafutwa. Asubuhi ya mwisho foleni ya dirisha lilelile ilipinda kona mbili. Kama ulipewa salio la zawadi, yaani pesa za kutumia melini tu, uliza mapema, kwa sababu mara nyingi lisipotumika linakufa safari inapoisha.

Bakshishi kampuni nyingi huikata zenyewe kila siku. Hata hivyo yule aliyekutandikia kitanda muage kwa mkono, kwa jina lake, jioni, kabla ya vurugu. Wengi wao wana mikataba ya miezi sita hadi tisa, wanafanya kazi siku saba za wiki, na wakati wewe unahuzunika kuondoka, yeye mchana huohuo anaanza upya na mgeni mwingine, tabasamu lilelile. Nikilikumbuka hilo, huzuni yangu inapungua makali.

Alfajiri ya kufika, toka nje. Utaamshwa na mtetemo: mitambo ya pembeni inaisukuma meli kubwa kama mtaa taratibu hadi gatini, na vikombe vinagongana chumbani. Ukiamka mapema zaidi, unaweza kumwona rubani wa bandari akipanda kutoka kwenye boti ndogo kuja kumwongoza nahodha. Kama nyumbani unarudi kwa ndege, usikate tiketi ya asubuhi. Ukungu ukitanda meli inachelewa, na foleni ya uhamiaji haijui saa yako ya ndege. Mimi hukata ya alasiri.

Halafu nyumbani, sakafu inayumba. Usiogope. Mwili ulishazoea mawimbi na ubongo bado unayasubiri, ndiyo maana ukisimama bafuni na macho umefumba unajihisi uko baharini. Madaktari huita hali hiyo mal de débarquement. Kwa wengi huisha ndani ya saa chache au siku mbili. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, mwone daktari.

Kuna na kuyumba kwa aina nyingine: unaketi mezani ukisubiri nani alete chakula. Taulo haijakunjwa umbo la mnyama yeyote. Ndiyo maana siku ya kwanza baada ya kurudi sirudi kazini. Naitenga nifue, nilale mchana, na nisiangalie picha hata moja.

Zile ndala bado ninazo. Zinasafiri ndani ya begi la mkononi, chini ya viatu.