Choo cha vitufe viwili: ulizia mpira wake kabla hujalipa

Mkuu, usilipe hiyo hela! Umesema umepata ofa ya choo cha vitufe viwili, boksi limeandikwa lita 3 kwa kitufe kidogo na 6 kwa kikubwa, na muuzaji amekuhakikishia bili ya maji itashuka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, bili ikapanda.

Chini ya tanki la kuflashia kuna valvu yenye mpira. Mpira ukichakaa, au chumvi ya maji ya kisima ikiganda pale unapokaa, maji yanateremka bakulini bila sauti. Boya linashuka, tanki linavuta mengine, mita inazunguka usiku kucha watu wamelala. Piga hesabu: nusu lita kwa dakika ni lita 720 kwa siku, karibu uniti 22 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000). Sasa chukua familia ya watu watano, kila mmoja anaflashi mara tano. Wakitoka kwenye tanki la lita 9 wakaja kwenye wastani wa lita 4, wanaokoa lita 125 kwa siku. Mvujo huo mmoja unameza karibu mara sita ya akiba yote.

Mafundi wakasingizia mita, wakafukua bomba la nje, wakachukua chao. Muuzaji ndiye aliyenichefua zaidi: nilipompelekea valvu alinijibu mpira hauuzwi peke yake, ninunue choo kingine. Choo kizima kwa ajili ya kipande cha mpira! Afadhali tanki la zamani la mkono, lile la saifoni, lisilo na valvu ya mpira chini. Likiharibika linagoma kuflashi, unajua siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwambie muuzaji wako afungue tanki, achomoe valvu, akuoneshe mpira. Kisha uutafute maduka mengine ya vifaa vya bomba. Ukiukosa, achana na hicho choo hata kama ni nusu bei. Na cha nyumbani kipime leo: tia rangi ya chakula kwenye tanki, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikitokea bakulini, kinavuja.

 

Ukifika dukani piga picha ya huo mpira uiweke hapa, nikwambie kama Kariakoo unapatikana.