Barua kwa mwanangu: siku ya kuzaliwa ambayo huikumbuki

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili juzi usiku, nikaona kwamba jambo uliloniuliza haliwezi kujibiwa kwa kubofya simu, ndiyo maana nimechukua daftari na kalamu. Unasema kwamba katika kikundi cha maombi ulichojiunga nacho huko Dodoma kila mtu huitaja siku aliyookoka, wengine mpaka saa, na zamu ilipokufikia ulinyamaza kwa sababu huna tarehe. Tena unasema wenzako hutamka "Mungu ameniambia" kwa wepesi, kama mtu anayesimulia maneno ya jirani, ilhali wewe uliyeomba tangu utoto hujawahi kusikia sauti yoyote. Ukamaliza kwa kuuliza: "Baba, mimi nimezaliwa mara ya pili kweli?"

Nianze na Nikodemo, maana swali lako ni jirani wa swali lake. Katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana, mzee huyu wa Mafarisayo alimwendea Yesu usiku, akaambiwa kwamba mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu, naye akauliza kama mzee aweza kuingia tena tumboni mwa mamaye. Mchungaji aliyetufundisha kipaimara alitueleza kwamba neno la Kiyunani lililotumika hapo, anothen, lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza na kuanza kuhesabu miaka yake, kumbe Yesu alikuwa anasema habari ya kazi inayotoka kwa Mungu. Hakuna mtoto aliyewahi kujizaa. Wewe ulizaliwa usiku wa mvua kubwa, na wanaoukumbuka usiku ule ni mimi na mama yako. Tarehe unayoiandika kwenye fomu zote uliipata kwetu. Hata hivyo hakuna anayekushuku kwamba hukuzaliwa, maana unapumua mbele yao.

Ndivyo ninavyousoma na ule mfano wa upepo unaofuata hapo. Kwa Kiyunani neno la upepo na neno la roho ni moja, pneuma, na Yesu anasema kwamba upepo huvuma upendako, sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda. Wewe umekulia chini ya Mlima Rungwe, unalijua jambo hili bila mwalimu. Jani la mgomba hufunguka likiwa zima, laini, bila mkato. Baada ya siku chache limechanika vipande vipande mpaka kwenye uti wake, na hakuna mtu shambani anayeweza kukutajia saa upepo ulipopita.

Sasa mwangalie Nikodemo mpaka mwisho. Katika sura ya 7 anathubutu kumtetea Yesu mbele ya wakuu wenzake, na anadhihakiwa. Katika sura ya 19, wakati wanafunzi wengi wamekimbia, anakuja mchana kweupe na manemane na uudi yapata ratli mia ili kumzika. Kati ya usiku ule wa maswali na siku ile ya mazishi kuna jambo kubwa lilitokea ndani yake, na Yohana, aliyekumbuka hata uzito wa manukato, hakutuandikia siku lilipotokea.

Sisemi kwamba wenzako wanadanganya. Paulo aliangushwa njiani karibu na Dameski na angeweza kukuonyesha mahali. John Wesley, yule Mwingereza mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyekuwa tayari kasisi kwa miaka, aliandika kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu London tarehe 24 Mei 1738, yapata saa tatu kasoro robo usiku, na waliomsaidia kufika hapo walikuwa Wamoravian, watu wa kanisa letu hasa. Lakini Zinzendorf, yule aliyewapa Wamoravian wakimbizi hifadhi katika ardhi yake kule Herrnhut, Ujerumani, alitofautiana na wacha Mungu wa mji wa Halle, nao wa Ujerumani, kwa jambo hilihili: hakukubali kwamba kila Mkristo lazima apitie vita vya toba vyenye hatua zilezile na saa inayotajika. Yeye alimpenda Yesu tangu mtoto. Nadhani wamisionari waliofika hapa Rungwe mwaka 1891 walituletea yote mawili, wokovu wenye saa na upendo usio na tarehe, na sisi mara nyingine tunakumbuka moja tu.

Juu ya ubatizo sitakuchosha. Wakatoliki, Walutheri na sisi tunabatiza watoto, na Waraka kwa Tito unataja kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili. Ndugu zetu Wapentekoste wanasema mtu aamini kwanza ndipo azamishwe majini. Ubishi huo ni wa zamani kuliko barua yangu.

Kuhusu sauti, nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia. Wakati wewe uko darasa la pili, mimi na baba yako mkubwa tuligombana juu ya mpaka, mistari mitatu ya chai tu, tukakaa karibu mwaka mzima bila kusalimiana, tukipishana barabarani kama wageni. Asubuhi moja nilikuwa nakamua ng'ombe, ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa banda, na katikati ya ule mlio wa maziwa kwenye ndoo likanijia neno la Mathayo 5 nililolikariri nikiwa kijana: upatane kwanza na ndugu yako. Sikio langu halikusikia kitu. Nililifukuza, nikaendelea kukamua. Kesho yake likaja tena, na Jumapili likaja nikiwa nimeshika sahani ya sadaka, nami nikajaribu kila hoja kwamba mwenye kosa ni yeye, na kwa kweli mpaka leo naamini mistari ile ilikuwa yangu. Wiki ya tatu nikaenda kwake jioni, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alinitazama, akasogeza kigoda, akauliza, "Umekunywa chai?"

Siwezi kukuthibitishia kwamba ile ilikuwa sauti ya Mungu. Ninachojua ni kwamba haikuwa yangu, kwa sababu yangu ilikuwa inasema kinyume kwa nguvu zaidi. Ukisoma habari za Samweli katika 1 Samweli 3 utaona kwamba mtoto yule aliitwa mara tatu na kila mara alikimbilia kwa Eli, kwa sababu sauti ile aliifananisha na ya mzee aliyemlea. Maandiko yanasema wazi kwamba alikuwa hamjui Bwana bado, tena alikuwa analala hekaluni! Aliyeitambua sauti ni Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka. Kwa hiyo usione aibu kuuliza watu wazima. Yesu anaposema kondoo wake waisikia sauti yake, anasema habari za kondoo waliokaa na mchungaji siku nyingi.

Na yule kijana wa kikundi chenu aliyekuambia kwamba Mungu amemwonyesha kuwa wewe ni mke wake, mjibu kwa heshima kwamba Mungu anayo namba yako pia. Mtume Yohana anaagiza msiiamini kila roho bali mzijaribu, na Paulo, baada ya kuwaonya Wathesalonike wasitweze unabii, anaongeza papo hapo: jaribuni mambo yote. Mimi sikujaribu. Mhubiri mmoja mgeni alinitangazia mbele ya watu kwamba presha yangu imeondoka, nikaacha vidonge, na wiki chache baadaye mama yako alinikuta nimeanguka jikoni. Mungu aliyesema nami juu ya kaka yangu hakunikataza kuhojiana naye wiki tatu. Yule mhubiri alinikataza hata kwenda kupimwa.

Kikundi usikiache kwa ajili ya hili, kama wanakupenda. Zamu yako ikifika tena, waambie unachokijua, hata kama ni kifupi.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama utapata likizo ya Pasaka. Alfajiri tutakwenda makaburini kabla jua halijachomoza, kama ilivyo desturi yetu, na safari hii kaburi la baba yako mkubwa limeshajengewa. Njoo na koti zito, maana mvua za huku unazijua.

Ni mimi baba yako.