Bumu limeingia, wadogo zangu: tuongee kuhusu huo mchele mnaotafuna

Alhamisi iliyopita nilipita vimbwetani, kwenye vile viti vya saruji vya kujisomea chuoni, saa nane mchana, nikamkuta binti wa mwaka wa kwanza peke yake na desa lake, zile notsi za kusomea. Mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine unazama kwenye kikopo na kurudi mdomoni. Kra, kra, kra. Nilijua ni nini kabla sijafika.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Unatafuna nini?"

"Mchele tu, madam."

"Umekula?"

Akainamisha kichwa. "Nimepiga pasi ndefu. Nitakula jioni."

Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa na siku tisa tu tangu liingie. Nilikaa naye mpaka saa tisa, na usiku usingizi ukakataa. Kila mwaka naona haya haya. Kila mwaka nasema nitaandika, halafu nasahihisha test na naacha. Mwaka huu siachi.

1. Hela ya kula iwe ya kula. Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, lakini haikupi kwa siku. Inakumwagia laki kadhaa kwa mpigo, na wengi wenu hamjawahi kushika laki mbili zenu wenyewe. Wiki ya kwanza ni simu, viatu, nywele na kuku wa kukaanga. Wiki ya sita ni pasi ndefu, kuruka mlo mpaka jioni. Dawa yake ni hii: siku pesa inapoingia, kabla hujapita popote, nenda kwa mama lishe unayemwamini, lipia mchana wa wiki nne na muandikishane kwenye daftari. Mama lishe hajawahi kumnyima sahani mtu aliyelipa.

2. Hakuna atakayekuuliza kama umekula. Kidato cha sita mlilalamikia makande yenye wadudu, lakini kengele iligongwa na makande yakaja. Huku hakuna kengele. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika kwamba umri wa miaka 18 hadi 25 ni hatua inayojitegemea: si utoto tena, na utu uzima bado haujakamilika. Anasema ni umri wa mtu kutafuta yeye ni nani. Niliposoma hayo nikiwa mwaka wa tatu niliweka kitabu chini, kwa sababu mimi nilikuwa nimejitafuta kwenye sahani na nikapotea. Ndiyo namba tatu.

3. Usikionee haya chakula cha kwenu.

Nilitoka Ukerewe mwaka 2015 na ndoo ndogo ya dagaa. Mama aliwaanika mwenyewe, akachambua mchanga, akawakaanga kidogo wasiharibike njiani. Usiku wa pili hosteli nilifungua ndoo. Tulikuwa wanne chumbani, pamoja na mmoja asiye na chumba tuliyekuwa tunambeba. Mwenzetu mmoja akaziba pua kwa kanga: "Nani kaleta hiki kitu?" Nikasema sijui. Nilisema sijui, na ndoo iko chini ya kitanda changu. Usiku wa manane nilitoka nayo mpaka shimo la taka nyuma ya jengo, nikamwaga. Nikaiosha ndoo kwa sabuni mara mbili ili isinuke.

Kuanzia hapo nikala kama walivyokula wale niliotaka kufanana nao. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana sili, najinyima ili nimalizie simu niliyokopa. Jioni chipsi, na soda ikipatikana. Mboga ya majani niliiona ya shambani. Dagaa sikuwagusa mwaka mzima. Kila Jumapili mama alipiga: "Umekula mwanangu?" "Nimekula mama, wali na nyama." Na yeye husema alhamdulillahi kwa furaha ya kweli kabisa, mpaka leo naisikia.

Mwezi wa pili hamu ya mchele ikanianza. Sijui niwaelezeje ambao hamjaipata. Si njaa. Unausikia kwa harufu, ule unga mweupe wa kwenye gunia, mate yanajaa mdomoni. Nikaanza na kiganja, nikafika robo kilo kwa siku. Wenzangu walicheka, wengine wakaniomba. Mwezi wa nne nikawa nasimama katikati ya ngazi, moyo unapiga kama nimekimbia, na chumba kilikuwa ghorofa ya tatu tu. Kucha zikabonyea katikati kama kijiko. Ukinywea maji kwenye kikombe cheupe unaona midomo yako haina tofauti na kikombe. Nikasema ni stresi za UE, mitihani ya mwisho wa semista. Bibi yangu angeniona asingehitaji kipimo, angesema mtoto huyu ana safura, na angekuwa ameninywesha dawa ya minyoo siku hiyo hiyo.

UE ya pili, semista ya pili. Nilinyanyuka kuomba karatasi ya ziada. Nilichokumbuka baada ya hapo ni sakafu, baridi yake shavuni, na sauti ya msimamizi akisema wafungue madirisha.

Hospitali daktari alivuta kope langu la chini kwa kidole gumba, akatazama, akamwita muuguzi aje aone. Weupe mtupu. Picha kubwa ya damu ikasoma hemoglobini, yaani wingi wa damu, 6.4. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa 12 kwenda juu. Nikaongezewa chupa mbili, na waliokwenda kuchangia damu ni wanadarasa wawili ambao sikuwahi hata kuwasalimia vizuri. Mmojawapo ni yule aliyeziba pua.

Mama alikuja. Meli kutoka Nansio, Ukerewe, hadi Mwanza, halafu basi kutwa nzima hadi Dar. Alifika na ndoo nyingine. Akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, akaanza kuwachambua dagaa ili aniombee jiko kwa watu wa jirani. Akauliza, "Wale wa kwanza waliisha lini?" Nilikuwa nimedanganya miezi kumi na sikuweza tena. Nikamwambia niliwamwaga, nikamwambia na sababu. Hakunijibu. Aliendelea kutoa vichwa, kimoja kimoja, akiviweka kwenye upindo wa kanga, mpaka walipokwisha. Kisha akanyanyuka kutafuta moto.

Ule mtihani niliurudia kwa sapu, mtihani wa marudio, nikafaulu. Hilo ndilo dogo.

Baadaye nilijua sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, wakati ule ule mimi natafuna mchele, uliwapima wanawake wa miaka 15 hadi 49 na kukuta asilimia 45 wana upungufu wa damu. Karibu nusu yetu. Ukihesabu vitanda vya kordo yako utaona maana yake. Hamu ya mchele mbichi, udongo wa pemba au barafu mara nyingi ni mwili unaokosa madini ya chuma. Msichana anayepata hedhi anahitaji madini hayo zaidi ya maradufu ya kaka yake, na ndiye anayejinyima zaidi. Kwa hiyo msichekane. Mkiona mwenzenu anatafuna, mpelekeni akapime.

4. Chai isikae kwenye sahani. Chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mchicha, kwa hiyo inywe saa moja au zaidi kabla au baada ya kula. Kwenye chakula weka limau, linasaidia.

5. Dagaa tena, maana sijamaliza. Wana madini ya chuma, tena wanaliwa na mifupa yao, na mifupa yenu bado inajijaza mpaka mkaribie miaka 30. Kwa bei hiyo wanafanya kazi zote mbili. Mwenye kuziba pua azibe.

6. Vidonge vya maumivu tumbo likiwa tupu. Hapa nakasirika. Kichwa kinauma kwa sababu hujala tangu jana, unameza diklofenaki, kinatulia, unaendelea kudesa, kesho tena. Halafu mnaniambia "madam nina vidonda vya tumbo kwa sababu ya njaa". Vidonda vingi vinaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na watafiti wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Sababu kubwa ya pili ni hivyo vidonge mnavyobugia. Bakteria anapimwa na anatibika kwa dawa za wiki moja hadi mbili, lakini lazima uende ukapimwe. Bima ya afya ya chuo mmelipia na kadi mnaiweka kwenye begi kama picha ya kumbukumbu. Itoeni.

7. Vile vinywaji vya kopo vya kukesha: ukinywa saa nne usiku, saa tisa karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini, na huo usingizi ulioukosa ndio ungekusaidia kushika ulichosoma.

8. Mnaokaa geto, vyumba vya kupanga mtaani, changeni watu wanne, pikeni sufuria moja. Maharage yaloweke usiku, yataokoa mkaa.

9. Wavulana, msidhani haya ni ya dada zenu. Kiwango chenu cha damu ni 13 kwenda juu, na nimeshaona kijana wa mazoezi mwenye 9 anayekula mkate mkavu na soda.

10. Mkipewa vidonge vya kuongeza damu, mezeni mpaka mwisho. Mtajisikia vizuri ndani ya wiki chache na mtaacha, nawajua. Mwili unahitaji miezi kama mitatu kujaza akiba yake. Choo kitakuwa cheusi, ni dawa, msitishike.

Yule binti wa kimbwetani ameniruhusu niandike. Jumatatu asubuhi tulikwenda pamoja zahanati. Damu yake ilisoma 8.1. Amepewa vidonge na dawa ya minyoo, na tarehe ya kurudi kupima ameiandika nyuma ya desa kwa kalamu nyekundu. Mchele uliobaki kwenye kikopo tumeupika kwangu, na nilikuwa na dagaa.