Kano ya upande wa ndani wa goti ikichanika, kisu si lazima
Pole sana kaka. Unasema daktari amekuta kano ya upande wa ndani wa goti (utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa) imechanika nusu baada ya mechi, nawe unaogopa kupasuliwa. Tulia. Kano hiyo inapata damu ya kutosha, na mara nyingi hujiunga yenyewe baada ya wiki kadhaa, goti likishikiliwa vizuri. Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20. Na tafadhali, usikubali kukandwa kwa nguvu!

Maumivu yakipungua, nyoosha mguu, weka taulo lililoviringishwa chini ya goti, libonyeze kwa nyuma ya goti mpaka msuli wa paja ukaze, hesabu hadi 5, achia. Goti likikwama au kulegea ghafla ukitembea, rudi hospitali wakuangalie kano zinazopishana katikati ya goti na gegedu la ndani yake.